Mitungi Mitatu ya Rangi Moja

Athman aliondoka Jumatano gereji ikiwa chafu vile gereji inafaa kuwa, akarudi Jumamosi asubuhi akaikuta inang'aa kama bibi harusi. Hapo ndipo shida yake ilianzia.

Alikuwa ameenda Isiolo kumzika mjomba wake. Siku tatu tu. Lakini ilikuwa Novemba ya mwaka wa sabini na saba, Diwali imebakisha siku chache, na Shantilal mwenye gereji ni mtu wa kushika desturi. Diwali ikikaribia, Wahindi wa Nyeri husafisha duka, nyumba, stoo, hata ile kabati ambayo haijafunguliwa tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe. Kilichovunjika kinatupwa, kilichochakaa kinapakwa rangi, maana bahati ni mgeni mwenye madharau, haingii mahali pachafu. Basi Shantilal akamwita Gatimu, mpaka rangi wa Ruring'u, akampa madebe matatu ya rangi ya kijani na amri moja: "Kitu yote ya hapa paka. Kama inatembea, wacha. Kama haitembei, paka."

Na mitungi ya gesi haitembei.

Athman alisimama mlangoni na kikapu cha safari mkononi. Mitungi mirefu minne ilikuwa imepangwa ukutani kama askari wa gwaride, kijani kutoka utosini hadi unyayoni. Jumatano alipoondoka, mmoja ulikuwa wa buluu, miwili myeusi tititi, na mmoja mweusi wenye mistari miwili myeupe. Sasa yote ilikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja.

"Gatimu!"

Gatimu alikuwa juu ya ngazi, anamalizia fremu ya dirisha, sigara mdomoni.

"Karibu nyumbani, fundi. Pole na msiba. Unaonaje kazi?"

"Nani alikwambia upake mitungi?"

"Mzee Shantilal alisema kitu isiyotembea."

"Na wewe ulipokaa hapo chini kula mandazi, ulikuwa unatembea? Mbona hukujipaka?"

"Nilijipaka," Gatimu akasema, akamwonyesha mikono yake ya kijani mpaka kwa kiwiko.

Athman hakucheka. Alichukua kipande cha msumeno akakwangua mtungi mmoja begani. Chini ya kijani akakuta rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Chini ya nyekundu, chuma cheupe kinamwangalia. Akakwangua wa pili. Vile vile.

"Nilisugua mpaka nikaona chuma," Gatimu akasema kwa fahari. "Rangi juu ya rangi haikai, fundi. Mimi si wale wa kulipua kazi."

Nyeri nzima ilikuwa imejaa wapaka rangi wavivu. Shantilal akaenda akamchagua yule mmoja mwaminifu.

Kwa mtu asiyejua kuchomelea, mtungi ni mtungi, na ukisikia gesi unafikiria moto. Athman pia alifikiria hivyo alipokuwa kijana wa Majengo, mtoto wa Mwanabibi muuza mahamri, aliyesoma mpaka darasa la tatu akaona inatosha. Kilichomfungua macho ni Nanyuki. Huko aliandikwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akitengeneza vile vindege vidogo vya walowezi, mtu wa maneno machache na matusi mengi. Yule ndiye aliyemfundisha kwamba kuna gesi ya kuwasha na kuna gesi ya kufunika.

Chuma kikiyeyuka ni kama maziwa ya moto, hewa ikiyagusa yanashika utando. Kazi ya gesi ya kufunika ni kuzuia hewa isiguse. Ukichomelea geti kwa fimbo ya kawaida, huhitaji mtungi, kwa sababu ile fimbo imevikwa unga, na unga ukiungua unatoa moshi unaokifunika chuma. Trela ya ng'ombe ukiichomelea kwa mashine ya waya, chukua gesi ya soda, ile ile inayokufanya ubeue ukinywa Fanta, na kazi itatoka safi. Lakini aluminiamu, hii ya sufuria, ina maringo ya mwanamke aliyeposwa na watu watatu. Moshi haitaki, gesi ya soda haitaki. Inataka argoni, tena argoni tupu. Athman aliwahi kuijaribu kwa gesi ya soda Mzungu akiwa ameenda kunywa chai. Ikatoka nyeusi, mashimo mashimo, kama ukoko wa ugali. Yale matusi aliyopata siku hiyo mengine alikuja kuelewa maana yake miaka mingi baadaye.

Na oksijeni? Oksijeni si kifuniko hata kidogo. Oksijeni ni chakula cha moto. Athman hakufundishwa hilo kwa mdomo. Alifundishwa na Sulemani, rafiki yake wa Nanyuki, aliyeona koki ya oksijeni inakaza akaipaka grisi kidogo ili ilegee. Alipoifungua moto ulitoka wenyewe, bila kiberiti. Walimzika alasiri ile ile. Athman alibaki na kovu shingoni, na tabia ya kunawa mikono mara mbili kabla ya kushika mtungi. Watu wa gereji walimcheka, wakamwita Maalim.

Mzungu alipofunga virago, Shantilal alinunua mashine yake, mtungi wake wa buluu wa argoni, na tunaweza kusema akamnunua Athman pia, maana nani mwingine kati ya Karatina na Nanyuki angejua kuitumia?

Sasa huyo Athman, mwenye kunawa mara mbili, alikuwa bado anakwangua mitungi wakati pikapu iliingia uani kwa kasi na matope mpaka kwa kioo. Mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee mrefu ndani ya koti kubwa la sufi.

Moyo wa Athman ulishuka mpaka kwa viatu. Alikuwa mkwewe.

Lazima uelewe hilo koti. Wamae wa Gakindu alirudi nalo kutoka vita vya Wazungu, na alilivaa mvua na jua. Miaka kumi na mmoja kabla ya siku hiyo, binti yake Watiri alikuja mjini Nyeri kujifunza kushona, akapendana na kijana wa Majengo mwenye kovu shingoni, akasilimu, akaitwa Rukaya. Mbuzi wa mahari walipelekwa Gakindu. Mbuzi walipokelewa. Aliyewapeleka hakupokelewa. Tangu siku hiyo Wamae alipita kwa binti yake mara moja au mbili kwa mwaka, akasimama mlangoni, akauliza watoto wako wazima, akaenda. Hakukaa. Hakunywa chai. Na hilo koti hakulivua hata siku moja, kwa sababu mtu akivua koti amekubali kuwa amefika. Wala hakuwahi kumwita Athman muthoni, yaani mkwe, vile wanaume wa huko huitana wakiwa wamekubaliana. Alimwita "fundi", sauti ile ile unayomwitia mtu wa kukuzibulia choo.

"Fundi," Wamae akasema.

"Baba. Shikamoo. Habari za—"

"Habari ni hii."

Dereva alishusha gunia, akalifungua. Ndani kulikuwa na kasha la pampu ya maji ya injini, la aluminiamu, limepasuka ubavuni ufa wa urefu wa kidole cha kati.

Wamae alikuwa mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa, na injini hiyo ndiyo iliyozungusha mashine ya kumenya. Jana saa tisa, katikati ya foleni, mtu wa injini aliangusha nyundo. Bila pampu injini inachemka. Bila injini, kahawa haimenywi. Na huu ulikuwa ule mwaka wa kahawa, mwaka ambao hata wachungaji walihubiri haraka ili warudi shambani. Viwanda vya jirani vilikuwa vimejaa mpaka langoni. Pampu mpya ilikuwa Ulaya.

Wamae aliingiza mkono mfukoni, akatoa kahawa mbivu kama kumi hivi, akamwekea Athman kiganjani. Nyekundu, nzuri. Zilikuwa na joto.

"Hizo zilichumwa jana," mzee akasema. "Ziko kwa rundo juu ya simiti, na zimeanza kujipika. Za leo ziko njiani. Zikimenywa leo kabla ya giza, ni kahawa. Kesho ni mbolea. Ni jasho ya watu mia sita, fundi. Wameniambia, si uko na mtu wa vyuma kwa familia? Sikuwajibu kitu. Nimekuja."

Athman alifunga kiganja. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano. Kwenda Gakindu, kufunga pampu, kuwasha injini, kumenya rundo lote. Kama kasha halitatoka hapa kufikia saa nane, hakuna haja litoke.

"Inawezekana," akasema. "Lakini kuna neno moja."

Shantilal alikuwa ametoka ofisini, shati jeupe, kalamu sikioni. Athman akawaeleza wote wawili hilo neno moja. Wamae alisikiliza akiangalia ile mitungi ya kijani kama mtu anayeonyeshwa watoto wanne na kuulizwa yupi mwizi.

"Hakuna shida!" Shantilal akasema. "Argoni ni hiyo ya dirisha. Mimi nakumbuka. Kabla ya kupaka ilikuwa dirisha, baada ya kupaka iko dirisha."

"Gatimu, uliitoa nje yote kupaka?" Athman akauliza.

"Yote. Nikairudisha vile ilikuwa." Gatimu akafikiri kidogo. "Karibu vile ilikuwa."

"Si unasikia?" Shantilal akasema.

"Nimesikia hiyo karibu, Bwana Shantilal."

"Piga simu Nairobi kwa watu wa gesi. Shingoni kwa mtungi iko namba."

Chandrika, bibi ya Shantilal, alikuwa amekaa na simu tangu Athman aanze kukwangua. Aliinua uso. "Inalia tu, Athman. Jumamosi. Hapana mtu."

Athman alianza kutoa mmoja mmoja, vile mtu anatoa mawe kwa mchele. Mifupi miwili ya asetilini, ile gesi ya kuwasha, hata kipofu angeijua, nati zake hufunguka kinyume. Kati ya mirefu minne, mmoja ulikuwa na mdomo tofauti kabisa, na ukiutikisa unasikia maji maji yakicheza ndani. Huo ni wa gesi ya soda. Akausukuma kando. Ikabaki mitatu. Miwili oksijeni, mmoja argoni. Mdomo ule ule, nati ile ile, urefu ule ule. Harufu hakuna, rangi hakuna. Ukiweka saa ya kupima gesi, itakuambia mzigo ni kiasi gani, haitakuambia mzigo ni nini.

"Chomelea na moto ya asetilini basi," Shantilal akasema.

"Dawa ya kuoshea aluminiamu iliisha mwezi wa nane. Nilikwambia."

"Fimbo ya kawaida?"

"Hii ni aluminiamu, si geti. Haitashika."

"Weka hiyo ya dirisha, Athman! Kama si argoni, tutaona, tutafunga, tutaweka ingine."

"Hatutaona. Kama ni oksijeni, ile sindano ya mashine inayotoa cheche itaisha kama mshumaa kabla sijapepesa jicho, na kasha litatoboka niweze kupitisha ngumi. Hiyo ni tukibahatika." Alijigusa kovu. "Tukikosa bahati, mpira wa gesi utashika moto mkononi mwangu. Kasha ni moja. Tuko na nafasi moja."

Kisha Wamae akasema, polepole, sauti ya mtu aliyekuwa ametarajia hivyo hivyo.

"Unaogopa."

Ni kweli Athman alikuwa anaogopa, lakini kuna watu wawili au watatu duniani ambao huwezi kuwaambia, na mkweo anaongoza hiyo orodha.

"Watu mia sita," Wamae akasema. "Na mwenye gereji anakuambia ni ile pale. Mwenye vitu hajui vitu vyake? Mimi nitarudi niwaambie nini? Ati mtu wa familia aliogopa rangi?"

Saa ilikuwa tano na nusu. Athman alinawa mikono. Akanawa tena. Akalisafisha kasha kwa petroli, akalisugua kwa burashi ya waya mpaka ufa ukawa mweupe. Na bado alikuwa hajaamua. Mikono ilikuwa inatangulia na kichwa kinafuata nyuma, kama mke aliyenuna. Akausogelea mtungi wa dirisha. Akaufunga mpira wa mashine. Akavaa glavu. Akashusha ile ngao ya uso, dunia ikawa giza, akasikia pumzi yake mwenyewe. Aliwaza: asilimia sitini ni huu. Sabini. Shantilal si mjinga. Akaiinua bunduki ya kuchomelea, kidole kikatafuta swichi.

"Lakini huo wa dirisha uangalie," sauti ya Gatimu ikasema kutoka juu ya ngazi. "Huo ulinimalizia sigara."

Kidole kikasimama.

Athman aliinua ngao. "Unasema?"

"Si kitu. Nilikuwa naupaka hapo kichwani, nikasikia unapiga mluzi kidogo kidogo, tsss, hivi. Niko na sigara. Nikainama nisikie. Fundi, sigara ikashika taa! Puuu! Ikaisha yote kwa pumzi moja, ikanichoma pua. Sigara mpya! Nikaukaza, nikasema hii gereji iko na majini ya Waislamu." Akakohoa. "Samahani, fundi."

"Ni huu? Una hakika ni huu?"

Gatimu akakuna kichwa, akajipaka kijani kwa nywele. "Huu. Ama huyo jirani yake. Sasa yote ni kijani, nitajuaje?"

Athman aliiweka bunduki chini polepole, kama yai. Alifungua mpira. Aliangalia kila pembe ya gereji, na macho yake yakafika ofisini, kwa ile rafu ndogo ambayo Chandrika huweka picha ya miungu yake, maua, na vijiti vya ubani. Kimoja kilikuwa kinaungua, hakina mwali, ni kijicho chekundu tu na uzi wa moshi.

"Mama," akamwambia Chandrika, "naomba hivyo vijiti. Na chupa tatu za soda, tupu, zioshwe kwa sabuni, zikaushwe. Zisiwe na mafuta hata kidogo."

"Sasa ni kuomba Mungu?" Shantilal akashika kichwa. "Saa sita inafika!"

Chandrika hakuuliza. Aliosha chupa yeye mwenyewe.

Athman alipitisha mpira mwembamba hadi ndani ya chupa ya kwanza, akafungua mtungi wa dirisha kidogo kabisa, akahesabu hadi ishirini, akafunga, akaziba mdomo wa chupa kwa kisahani. Akafanya hivyo kwa wa pili na wa tatu. Kisha akazibeba zote nje, mbali na mitungi, mbali na rangi ya Gatimu ambayo bado ilikuwa inanuka, akazipanga juu ya pipa uani. Watu wakamfuata kama anaenda kuchinja.

"Wewe Gatimu, zima hiyo sigara."

"Nimezima."

"Imeze basi, bado naiona."

Aliwasha kijiti cha ubani, akapuliza mwali, kikabaki kijicho. Akaondoa kisahani cha chupa ya kwanza, ile ya dirisha. Akaingiza kijiti.

Ikasikika pu! Kijiti kikawaka mwali mweupe, mkali, mpaka chupa ikawa kama taa. Chandrika alirudi nyuma. Shantilal alifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka, jambo ambalo halikuwa limeonekana Nyeri kwa miaka mingi.

"Hiyo ni oksijeni," Athman akasema. Mbele ya macho yake kulikuwa na Sulemani na kopo la grisi. "Hiyo ndiyo tungeweka."

Hakumwangalia Wamae. Alichukua kijiti kingine, akaingiza kwa chupa ya pili. Kijicho kikafa. Papo hapo, kama umekizamisha kwa maji.

"Argoni!" Shantilal akapiga makofi.

"Ngoja."

"Ngoja nini tena?"

"Labda kijiti kilikuwa na unyevu. Novemba hii hata chumvi imelowa." Akakiwasha tena kijiti kile kile, kikawaka vizuri, akakirudisha. Kikafa tena. Akaenda kwa chupa ya tatu. Pu! Mwali mweupe. Miwili oksijeni, mmoja argoni, na hesabu ikatimia.

Akaokota chaki, akachora msalaba mkubwa kwa ule mtungi wa katikati. Baadaye watu wa Majengo walimtania sana, ati Maalim amebatiza mtungi.

Saa saba kasoro. Alifunga mpira, akafungua koki, akaangalia saa ya kupima. Akaona lingine. Mshale ulikuwa umelala karibu na sifuri. Gesi ilikuwa imebaki kidogo, labda ya dakika kumi, na mtungi mwingine hauji Nyeri kabla ya wiki mbili.

Akapunguza koki mpaka gesi ikatoka kama pumzi ya mtoto aliyelala. Ilitosha, ila tu kusiwe na upepo. Na upepo ulikuwepo. Wa Nyandarua, ule wa saa saba, ulikuwa unaingia chini ya mlango na kupitia madirisha ambayo Gatimu alikuwa ameyabandua vioo ili apake vizuri. Upepo ukipeperusha argoni, hewa inaingia, na aluminiamu inageuka ukoko.

"Nahitaji kitu cha kuzuia upepo," akasema. "Gunia, turubai, kitu chochote."

"Turubai nilitupa," Shantilal akasema kwa sauti ndogo. "Diwali."

Athman aliinamia kasha, akajaribu kuukinga upepo kwa mgongo wake. Haikutosha. Alisikia nyuma yake vifungo vikubwa vikifunguka, kimoja, kingine, kingine. Kisha giza la sufi likamzunguka kutoka kushoto, likiwa na harufu ya moshi, kahawa na kondoo. Wamae alikuwa amesimama karibu naye kuliko alivyowahi kusimama miaka kumi na mmoja, mikono imenyoshwa, ameshika koti lake kama pazia. Ndani alikuwa na sweta iliyotoboka kiwiko.

"Fumba macho, Baba. Huo mwanga ni mbaya."

"Nimefumba. Choma."

Athman alichoma. Kulikuwa na kijua kidogo cha buluu mbele ya sindano, na chini yake ziwa dogo la aluminiamu, safi, linang'aa kama jicho la samaki. Alilisukuma polepole, tone, tone, akiongeza waya. Nusu ya ufa. Upepo ulipiga koti, koti likatikisika, mikono ya mzee haikutikisika. Robo tatu. Mluzi wa gesi ukaanza kupungua sikioni mwake. Tone. Tone. Alipofika mwisho hakuinua bunduki, aliishikilia pale pale, pumzi ya mwisho ya gesi ikilifunika lile ziwa mpaka likaganda. Kisha mtungi ukanyamaza.

"Nipe hilo koti, Baba."

"La nini?"

"Kasha lipoe polepole. Baridi ikilishika ghafla litapasuka upya."

Wamae aliliangalia koti lake. Kisha akalizungusha mwenyewe kwa lile kasha la moto, akalikunja kwa ustadi wa mtu anayefunga mtoto mchanga. Harufu ya sufi inayoungua ikajaa gereji.

Saa nane kasoro dakika kumi Athman alipaka chaki nje ya mshono, akamimina mafuta taa ndani. Kama kuna tundu, hata la sindano, mafuta yatapita na chaki itaota doa. Walisimama watano wakiangalia chaki. Dakika moja. Mbili. Tano. Chaki ilibaki nyeupe.

"Twende," Athman akasema, akachukua spana zake. Alipanda nyuma ya pikapu na kasha mapajani, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mashimo ya barabara ya Mukurweini.

Injini iliwaka saa kumi na dakika chache. Rundo la kahawa lilikuwa limeanza kutoa harufu tamu ya kuchachuka, lakini mkono ukizama ndani ulikuta bado zimekaza. Mashine ikaanza kumeza. Maganda yakatoka huku, kahawa nyeupe yenye utelezi ikatoka kule, na wanawake waliokuwa wamekaa juu ya magunia tangu jana wakasimama, wakashika koleo. Manyunyu yalianza. Wamae alizunguka katikati ya watu na sweta yake iliyotoboka, akipiga kelele kuhusu foleni. Mtu mmoja wa kamati akamuuliza huyu fundi umemtoa wapi.

"Huyu si fundi," mzee akasema bila kugeuka. "Huyu ni muthoni wangu."

Kisha akarudi kwa foleni yake, kama mtu aliyetema mbegu.

Koti lilibaki gereji. Jioni Athman alilipeleka nyumbani, limeungua kifuani alama ya duara kama sahani. Rukaya alipolipekua kabla ya kulifua, alikuta mfukoni kahawa mbivu nne, akazipanga dirishani, akakaa akiziangalia kwa muda.

Jumanne Wamae alikuja kulichukua. Alisimama mlangoni kama kawaida.

"Watoto ni wazima?"

"Ni wazima, Baba."

"Koti yangu."

"Nimelifua," Rukaya akasema. "Lakini na mvua hii, bado halijakauka."

Mzee aliangalia nje. Jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia. Akamwangalia binti yake. Akaangalia kiti. Ndani Athman alikuwa ameinama kwa birika, ananawa mikono mara ya pili.

"Basi nitangoja likauke," Wamae akasema, akakaa. "Chai iwe na tangawizi. Na usiseme nimesema."

Koti lilikauka Alhamisi. Watu wa Majengo wanasema lilikuwa chini ya kitanda muda wote huo, limekunjwa, kavu kabisa.